Mafundi wa Voi na Elimu ya Kuitafuta Oili Ivujayo

Misafara ya biashara ilipita Taita na Taveta tangu zamani, lakini mji wa Voi wenyewe, ulioko takriban kilomita 150 kutoka Mombasa, ni mtoto wa reli. Kwani ilikuwa baada ya ujenzi kuanza Mombasa mwaka 1896, na kabla ya kujengwa daraja la Tsavo mwaka 1898, ndipo njia ya chuma ilipopita hapo, ikaacha nyuma yake stesheni, maduka na watu waliokwisha kuzoea kushika spana. Katika maarifa ya mafundi wa mji huu limo moja ninalotaka kulieleza, nalo ni elimu ya kuitafuta oili ivujayo katika injini ya gari la kale, elimu ambayo naiona inastahili kuandikwa kama zinavyoandikwa habari za vita na za watawala.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia navyo vina sehemu yake. Wajerumani walipoitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, Waingereza walianza mwaka uliofuata kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau, na katika mapigano ya kilima cha Salaita, tarehe 12 Februari 1916, yalikuwako magari ya deraya ya Rolls-Royce, yakipita katika nyika isiyokuwa na barabara wala maji. Kila gari la injini lililoingia nchi ile, liwe la askari au, baadaye, la mashamba ya katani ya Mwatate na Taveta, lilikuta maadui watatu wasioonekana katika vitabu vya watengenezaji wake, nao ni joto, vumbi na mlima.

Joto huifanya oili kuwa nyepesi, ikapenya mahali ambapo asubuhi haikupenya. Vumbi jekundu hushikamana na oili likawa gamba, na gamba hilo huficha asili ya uvujaji. Ama mlima, tazama ya kwamba Voi iko chini ya mita 600 juu ya bahari, na Wundanyi iko juu ya mita 1,300, na gari lipandalo kutoka Mwatate kwa gia ndogo, pua yake ikielekea mbinguni, huirundika oili yote nyuma ya sampu, pale pale penye sili ya nyuma ya krenki. Kwa hiyo gari ambalo lingekaa Mombasa mwaka mzima pasi na kudondosha tone, likipanda Wundanyi mara moja hutoa siri yake.

Mwaka 1948 ulikuwa mwaka wa namna yake, kwa kuwa katika mwezi mmoja wa Aprili ilitangazwa hifadhi ya wanyama ya Tsavo, ambayo makao ya sehemu yake ya mashariki yaliwekwa Voi, na huko Amsterdam ikaonyeshwa hadharani Land Rover ya kwanza. Na haikupita miaka mingi kabla ya viwili hivyo kukutana. Zikaja pia Peugeot 404, ambazo zilishinda mashindano ya magari ya Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na ambazo zilibeba abiria wa nchi hii hata zikachakaa. Injini nyingi za zama zile hazikuwa na sili ya mpira ya duara kamili nyuma ya krenki. Baadhi zilikuwa na kamba iliyosokotwa na kutiwa grafiti, baadhi sili ya vipande viwili, na baadhi mfuo wa hesi uliochongwa katika krenki yenyewe, ambao huirudisha oili ndani maadamu krenki inazunguka, wala hauna nguvu yoyote injini ikizimwa. Ndiyo maana tone moja chini ya gari lililolala halikuwatia hofu mafundi wale. Waliloogopa ni tone wasilojua litokako.

Utaratibu wao ulianza kwa kuosha. Injini ilisuguliwa kwa mafuta taa na brashi mpaka chuma kikaonekana, ikakaushwa, kisha ikapakwa unga wa chaki au hata unga wa ngano, na gari likatembezwa mwendo wa kutosha kuipasha injini joto. Likirudi, fundi hutazama kuanzia juu, hatazami chini, kwa sababu oili hushuka kwa uzito wake na husukumwa nyuma na upepo, hata uvujaji wa kifuniko cha vali hujifanya kuwa ni wa sili ya krenki, na mwenye gari akashushiwa giaboksi bure. Tone linalotoka katika tundu la chini ya nyumba ya klachi hunuswa: likiwa na harufu ya kiberiti ni oili ya gia, na injini haina hatia.

Mimi mwenyewe nilipata kuwa na gari la kale ambalo lilitiwa sili mpya mara mbili katika gereji moja ya mji mkubwa, na mara zote mbili likavuja kabla ya mwezi kwisha. Nilipolifikisha Voi, mzee mmoja hakugusa sili kabisa. Alifungua bomba la kupumulia injini, akatoa ndani yake wavu ulioziba kwa oili na vumbi kama udongo wa mfinyanzi, akaniambia, "Mwanangu, injini nayo hupumua, ukiiziba pua itatokea kwingine." Gesi ipitayo kando ya pistoni ilikuwa imekosa njia, ikaisukuma oili nje kupitia kila mwanya. Wavu ulioshwa, sili ile ile ikabaki, na uvujaji ukakoma.

Gasketi pia walizikata wenyewe, kwa kuilaza karatasi juu ya chuma na kuigonga ukingoni polepole kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, mpaka chuma chenyewe kikaikata karatasi kwa umbo lake. Za koki walizifunga kwa kupishanisha bolti, upande huu kisha upande wa pili, wala hawakuzikaza kupita kiasi, kwani koki hupasuka na midomo ya sampu hupinda. Na sampu iliyopinda walikuwa wakiinyoosha kwanza kuzunguka kila tundu la bolti. Siku hizi wengi hupaka silikoni juu ya gamba la vumbi na kusema kazi imekwisha, na silikoni iliyozidi hukatika ndani, ikafika kwenye chujio la pampu ya oili na kuiziba. Kazi hiyo ni mbaya, na imeua injini ambazo zingalidumu.

Basi wewe msomaji uliye na gari la kale, ulipelekapo kwa fundi usimwambie atie sili. Mwombe aoshe injini, nawe mpe siku nzima ya kutazama. Na wewe uliye na mzee wa spana nyumbani, Voi, Mwatate au Taveta, kaa naye uandike asemayo angali hai.