Enzi na Ukuu: Neno Moja katika Hoja ya Tibet

Hoja ya Tibet hutajwa mara nyingi kuwa ni ugomvi wa askari na mipaka. Ni kweli kwamba askari walikuwapo, na damu ilimwagika. Lakini asomaye mikataba na barua za serikali tangu mwanzo wa karne ya 20 huona kwamba ugomvi huo ulikuwa pia ugomvi wa neno, na kwamba neno lenyewe halikuwa la Watibeti wala la Wachina. Lilitoka Ulaya, likatiwa katika mikataba na Waingereza, na likawawezesha wakubwa, kila mmoja kwa wakati wake, kulikwepa swali lililokuwa mbele yao: je, Watibeti wana haki gani ya kujiamulia mambo yao wenyewe?

Wanasheria wa Ulaya walikuwa na maneno mawili. La kwanza maana yake ni mamlaka kamili ya dola juu ya nchi yake. Humu litaitwa enzi. La pili limetoka katika desturi za zamani za mabwana na watwana wa Ulaya, na maana yake ni utukufu wa mfalme mkubwa juu ya mtawala mdogo ambaye bado anaitawala nchi yake mwenyewe. Humu litaitwa ukuu. Neno himaya, lililozoeleka Unguja tangu mwaka 1890, halifai hapa, kwa kuwa himaya ya namna ile hutokana na mkataba wa wazi baina ya mlinzi na mlindwa. Ukuu ni neno lenye giza zaidi, na giza hilo ndilo lililolifanya lipendwe.

Mambo ya kale hayakuingia vizuri katika neno lolote kati ya hayo. Mbele ya hekalu la Jokhang mjini Lhasa limesimama jiwe lenye maandishi ya Kitibeti na Kichina, likitaja mapatano ya miaka ya 821 na 822 baina ya mfalme wa Tibet na mfalme wa Uchina, kila mmoja akiheshimu mpaka wa mwenziwe. Katika karne ya 13 Wamongolia walizishika nchi zote mbili. Kublai Khan akamfanya mtawa wa Kitibeti, Phagpa, kuwa mwalimu wake wa dini. Hapo ndipo ulipokuzwa uhusiano ambao Watibeti huuita chö-yön: mfalme hutoa ulinzi na mali, naye mwalimu hutoa mafundisho na baraka. Mwaka 1653 Dalai Lama wa 5 alipokutana na mfalme wa Kimanchu huko Beijing, Watibeti waliona mkutano wa mwalimu na mfadhili wake. Wanahistoria wa Kichina wameona mtu aliyekuja kupokea cheo kwa mkubwa wake. Jambo lilikuwa moja, na maana zikawa mbili.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba nguvu ya Wamanchu ilikuwa ya maneno matupu. Jeshi lao liliingia Lhasa mwaka 1720. Tangu mwaka 1728 wajumbe wao walioitwa amban walikaa katika mji huo, na mwaka 1793 ilitolewa amri ya vifungu 29 iliyotaka walama wakubwa wachaguliwe kwa kura ndani ya chungu cha dhahabu. Kwa Wachina amri hiyo ni ushahidi mkubwa wa enzi. Watibeti hujibu kwamba katika karne ya 19 nguvu ya amban ilififia sana, na kwamba kifungo chao kilikuwa kwa nyumba ya kifalme ya Kimanchu na wala si kwa taifa la Wachina.

Ndipo walipofika Waingereza. Mwaka 1903 Lord Curzon, aliyekuwa mtawala wao katika Bara Hindi, aliandika kwamba ukuu wa Uchina juu ya Tibet ni jambo la kubuni tu. Mwaka uliofuata jeshi la Younghusband lilifika Lhasa, na mkataba wa Septemba 1904 ukatiwa sahihi na Watibeti wenyewe. Amban hakutia yake. Lakini London haikutaka kubeba mzigo wa Tibet, wala haikutaka Urusi iubebe. Mazungumzo na Wachina yakaanza Calcutta mwaka 1905, na mjumbe wao, Tang Shaoyi, alilikataa neno ukuu, akashikilia enzi. Yeye aliijua vyema tofauti ya maneno hayo. Mkataba wa mwaka 1906 ulinyamaza, usitaje hili wala lile. Mwaka 1907 Uingereza na Urusi zikapatana, na katika mapatano hayo ukuu wa Uchina ukakubaliwa waziwazi. Watibeti hawakuulizwa. Jambo lililoitwa la kubuni mwaka 1903 likawa, baada ya miaka minne, msingi wa mkataba.

Mwaka 1910 jeshi la Kimanchu liliingia Lhasa, na Dalai Lama wa 13 akakimbilia Bara Hindi. Dola ya Wamanchu ilipoanguka, askari hao walifukuzwa, na mwanzoni mwa mwaka 1913 Dalai Lama akatoa tangazo ambalo Watibeti wengi hulihesabu kuwa tangazo la uhuru. Katika mkutano wa Simla, mwaka 1913 hadi 1914, wajumbe wa Tibet, Uchina na Uingereza walikaa pamoja. Mkataba ulioandikwa huko uliiweka Tibet chini ya ukuu wa Uchina, lakini ukaikataza Uchina kuingilia utawala wa Tibet ya Nje. Serikali ya Uchina ilikataa kutia sahihi, hasa kwa sababu ya mpaka. Katika Kichina ukuu ni zongzhuquan na enzi ni zhuquan. Tofauti ni silabi moja katika kutamka, lakini katika siasa ni nchi nzima. Tangu hapo serikali za Kichina, za mrengo huu na huu, zimedai zhuquan tu.

Tangu mwaka 1913 hadi 1950 Tibet ilikuwa na jeshi lake, fedha yake, stempu zake na hati zake za safari. Lakini hakuna dola kubwa iliyoikubali rasmi kuwa dola huru. Mwaka 1943 Anthony Eden aliwaandikia Wachina kwamba Uingereza ilikuwa tayari kuukubali ukuu wao kwa sharti kwamba Tibet ijitawale. Sharti hilo halikuwa na mlinzi. Jeshi la Uchina lilipoishika Chamdo mwezi Oktoba 1950, Watibeti walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na El Salvador ikawasemea. Mjumbe wa Uingereza akasema kwamba hali ya Tibet kisheria haiko wazi. Basi wale waliolileta neno la giza wakalalamikia giza lake. Desemba mwaka huo Nehru aliliambia bunge la nchi yake kwamba yeye husema ukuu, hasemi enzi, ingawa tofauti yake ni ndogo. Kwa watu wa Lhasa tofauti hiyo haikuwa ndogo hata kidogo.

Tarehe 23 Mei 1951 mapatano ya vifungu 17 yalitiwa sahihi Beijing. Wachina hukumbusha kwamba Dalai Lama wa 14 aliyakubali kwa simu ya maandishi mwezi Oktoba mwaka huo. Naye, baada ya kukimbia nchi kufuatia maasi ya Machi 1959, aliyakana, akisema kwamba wajumbe wake walishurutishwa. Wachina husema tena kwamba walikuja kuwakomboa wakulima waliofungwa katika mashamba ya mabwana na ya nyumba za watawa. Kwamba utwana ulikuwapo, wanahistoria wengi wanakiri, ijapokuwa wanabishana juu ya ukali wake. Lakini ubaya wa desturi ya nchi haujibu swali la nani mwenye haki ya kuibadili.

Swali hilo lilipata jina jipya mwaka 1961. Mwaka 1959 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetaja haki za binadamu za Watibeti. Sasa, kwa kura 56 dhidi ya 11, lilitaja pia haki yao ya kujiamulia mambo yao. Serikali ya Beijing haikuwa na kiti katika Baraza hilo, nayo iliona kwamba haki ya namna hiyo ni ya makoloni, na Tibet si koloni. Hata hivyo Wakomunisti wa Kichina wenyewe, katika katiba yao ya mwaka 1931, waliwaahidi Watibeti na mataifa mengine madogo haki ya kujitenga. Mwaka 1949, walipokuwa washindi, ahadi hiyo ilikwisha, ikabaki ya kujitawala ndani ya Uchina. Mwaka 1971 Beijing ilipata kiti chake, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliokipigania kwa bidii. Tangu hapo Baraza Kuu halikupitisha azimio lolote tena juu ya Tibet. Nchi zilizopata uhuru kwa haki ya kujiamulia ziliona katika Uchina rafiki aliyedhulumiwa kiti, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mwaka 1988 Dalai Lama aliacha kudai uhuru kamili. Watibeti wakagawanyika baina ya rangzen, yaani kuwa na nguvu ya nafsi, na rangkyong, yaani kujiendesha chini ya dola nyingine. Tarehe 29 Oktoba 2008 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba neno ukuu ni la wakati uliopita, na kwamba sasa yaiona Tibet kuwa sehemu ya Uchina. Siku mbili baadaye wajumbe wa Dalai Lama walitoa Beijing waraka wao wa kuomba kujitawala kwa kweli, ukakataliwa.

Hivyo neno lilizikwa na wale waliolizaa. Lilikuwa limeinyima Tibet kutambuliwa, kwa kuwa lilisema kwamba yupo mkubwa juu yake. Lilikuwa pia mahali pa pekee katika mikataba palipokiri kwamba mkubwa huyo ana mpaka wa mamlaka. Lilipoondolewa, mpaka huo uliondoka pamoja nalo, na swali la Watibeti likabaki pale pale lilipokuwa mwaka 1907, halijaulizwa kwa wenyewe.