Ruzuku, jumuishi, ustawi: istilahi tatu za uwanja wa kijiji

Katika kata ya Mtunda, wilayani Kibiti, neno ruzuku si geni. Kaya iliyo kwenye mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hulitaja kila siku ya malipo inapokaribia: kuna ruzuku ya msingi, na kuna ruzuku yenye masharti, ile inayotaka mtoto ahudhurie shule na mdogo wake apelekwe kliniki. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ana ruzuku yake ya uendeshaji, inayohesabiwa kwa idadi ya wanafunzi, shilingi 10,000 kwa kila mmoja kwa mwaka. Mkulima amesikia habari za ruzuku ya mbolea iliyoanza kutolewa upya mwaka 2022. Uchaguzi ukiisha, redio hutangaza ruzuku za vyama vya siasa.

Fedha nne, neno moja. Zote nne zinatoka serikalini, na hakuna hata moja ambayo mwanakijiji aliiandikia barua ya kuiomba. Jina linaingia kwenye orodha, orodha inapanda wilayani, fedha inashuka. Sasa inakuja fedha ya tano: shirika, ubalozi au mfuko fulani unatangaza kwamba una kiasi cha kuwapa vikundi vinavyoendesha michezo jumuishi na shughuli za ustawi katika jamii. Kikundi kinachotaka kitaandika andiko la mradi, kitashindana na vikundi vingine, kikipata kitatumia kwa yale kiliyoyaandika tu, halafu kitatoa hesabu. Hakitalipa. Tangazo linaiita nayo ruzuku, na hapo kiongozi wa timu anayelisoma chini ya mkorosho ana haki ya kuuliza: hii ni ipi kati ya zile?

Kwa asili yake neno lenyewe halina habari ya kushindana. Ni ndugu wa riziki. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, na hadi leo tunaomba Mungu aturuzuku. Anayeruzuku kwa maana hiyo hatangazi tarehe ya mwisho ya maombi, wala hadai taarifa ya robo mwaka. Kiserikali neno likahamia kwenye fedha inayotoka juu kushuka chini, na likabeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga kwa maneno mawili: fedha ya kupunguza bei ya kitu, kama mbolea, na fedha inayotolewa kwa lengo maalumu bila kudaiwa. Kwetu yote ni ruzuku. Si kosa, lakini inatulazimu tuwe waangalifu.

Wapo wanaokwepa utata huo kwa kusema msaada. Sishauri. Msaada ni blanketi baada ya mafuriko. Watu wa Rufiji na Kibiti waliupokea Aprili 2024 maji yalipofunika mashamba na makazi, na hakuna aliyetarajiwa kueleza alivyolitumia blanketi. Wengine husema ufadhili, ambalo ni neno zuri lakini pana, maana linataja tendo la kugharimia na halisemi fedha imekuja kwa namna gani. Udhamini ni wa kampuni inayotaka nembo yake ionekane kwenye jezi, na mahakamani ni jambo jingine kabisa. Mkopo ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu ndio unaochanganywa na ruzuku mara nyingi, na unaoleta hasara ya kweli.

Mfano wa mchanganyiko huo ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Tangu sheria ya fedha za serikali za mitaa ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejea. Mitaani utasikia watu wakiziita fedha za bure au ruzuku ya halmashauri. Siyo. Ni mkopo usio na riba, na msingi wake ni shughuli inayozalisha kipato: kufuga kuku, kushona, kununua bodaboda. Kikundi cha netiboli kikienda kuomba, kitaulizwa kitarejesha kwa kipi. Magoli hayauziki mnadani. Kwa hiyo timu ya kijiji inajikuta mahali pasipo na jina: mkopo hauifai, ruzuku ya TASAF ni ya kaya, ruzuku ya shule ni ya wanafunzi, na kilichobaki ni mbuzi wa kushindaniwa au kombe lenye jina la mheshimiwa, ambalo huwa na kawaida ya kuota msimu wa kampeni.

Kitaifa upo Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, na katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliamua kuuelekezea sehemu ya mapato yatokanayo na michezo ya kubashiri. Wazo hilo si geni duniani; Uingereza imegharimia viwanja na vilabu vya mitaani kwa fedha ya bahati nasibu ya taifa iliyoanza Novemba 1994. Lakini bajeti hiyohiyo ya 2021/22 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia za viwanja vya majiji. Nayo ni ruzuku kwa maana ile ya kwanza, ya kupunguza bei, na ukiifuata kwenye ramani utaona inaishia mbali na Kibiti.

Basi mimi naafiki ruzuku ibaki kuwa jina la fedha hii ya tano, ila isiachwe peke yake. Iitwe ruzuku ya mradi. Neno la pili linamwambia msomaji kwamba kuna kazi iliyoandikwa, yenye mwanzo na mwisho, na fedha imefungwa kwenye kazi hiyo.

Sasa jumuishi, ambalo ndilo lenye mambo. Tulilizoea kwanza kupitia elimu jumuishi, mkakati wa kuwasomesha watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao badala ya kuwatenga kwenye shule maalumu. Kwa hiyo lina mpinzani wake anayejulikana: maalumu. Timu ya taifa ya soka ya watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, ni fahari ya nchi, lakini kwa istilahi ule ni mchezo maalumu: wachezaji wa ndani ni wa mguu mmoja na magongo, golikipa ni wa mkono mmoja. Mwenye miguu miwili haingii. Jumuishi ni pale wote wanapoingia. Shirikishi, ambalo wengine hulitumia badala yake, lina kazi nyingine: ni pale watu wanapoulizwa maoni na kushiriki kuamua. Mkutano wa kijiji unaweza kuwa shirikishi sana ukaamua kuchonga uwanja ambao mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hataufikia.

Mchezo unaoieleza vizuri zaidi tofauti ya maalumu na jumuishi ni mpira wa goli, ambao wanafunzi wasioona wa shule za msingi huucheza kwenye mashindano yao ya UMITASHUMTA. Ulibuniwa mwaka 1946 na Hanz Lorenzen wa Austria na Sepp Reindle wa Ujerumani kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, ukaingia kwenye Paralimpiki mwaka 1976. Watatu kwa watatu, mpira una njuga ndani, na kila mchezaji anafunikwa macho, awe haoni kabisa au anaona kidogo. Kifuniko hicho ndicho kinachoufungulia mlango wa ujumuishi: kijijini mtoto anayeona akifungwa kitambaa anakuwa sawa na asiyeona, tena kwa kawaida anakuwa dhaifu zaidi, kwa sababu hajazoea kusikiliza. Hakuna anayemsaidia mwenzake wala anayemhurumia. Kinachohitajika ni mpira, vitambaa, kamba ya kuchora mstari unaopapaswa kwa mkono, na watazamaji wanaonyamaza. Hicho cha mwisho hakinunuliki kwa ruzuku yoyote, na katika uwanja wa pwani ambako goli moja huamsha ngoma, ndicho kigumu kuliko vyote.

Hapa ndipo napima kama kikundi kimelielewa neno. Sisomi utangulizi wa andiko, ambako jumuishi huandikwa katika kila mstari wa tatu. Nasoma mchanganuo wa bajeti. Kama kuna jezi 22, mipira 4 na kombe, basi ni soka la vijana wa kiume lililovikwa neno. Kama kuna fungu la mkalimani wa lugha ya alama, vifuniko vya mpira vya kuzuia magongo yasizame mchangani, nauli ya mlezi anayemsindikiza mtoto, na suruali na mikono mirefu kwa wasichana wa netiboli ambao wazazi wao hawatawaruhusu vinginevyo, basi mwandishi anajua anachosema. Hilo la mavazi lisichukuliwe dogo. Mchezaji kufunika kichwa uwanjani kulikuwa na mabishano hata kwenye soka la kimataifa hadi kanuni ilipobadilishwa mwaka 2014, na Kibiti ni nchi ya Waislamu wengi, ambako ratiba nayo huitazama Alasiri na Magharibi, na mwezi wa Ramadhani hubadilika yote.

Mto nao una ratiba yake. Watu wa bonde la Rufiji wamelima mlau kwa vizazi, wakipanda kwenye unyevu unaobaki maji yanaporudi, na wakati wa kulinda mazao familia huhamia madunguni. Msichana aliye dunguni akiwinga ndege hawezi kuwa mazoezini. Andiko linaloahidi mazoezi kila Jumamosi kuanzia Machi hadi Mei, kwa sababu mwaka wa mfadhili umekaa hivyo, limeahidi masika. Na kata za deltani, ambako usafiri ni mtumbwi au boti na saa ya kuondoka hupangwa na maji kujaa na kupwa, haziwezi kualikwa kwenye bonanza la saa nne asubuhi kwa tangazo la jana. Ujumuishi wa huku ni pamoja na mtu wa ng'ambo ya mkondo, hata kama hana ulemavu wowote.

Sensa ya mwaka 2022 ilipata kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 unataja michezo waziwazi katika ibara ya 30. Haki ipo kwenye karatasi. Andiko linalotaja ibara hiyo halipungukiwi na kitu. Huwa linasomwa kwa makini zaidi kuliko linalotaja huruma.

La tatu, ustawi. Linatokana na kustawi, kama mpunga unavyostawi, na kama lingeachwa hapo lingetosha kabisa kubeba maana inayokusudiwa: mwili wenye nguvu, akili iliyotulia, mtu anayejiona ni wa watu. Tatizo ni kwamba lina ofisi. Ukimwambia mama wa Mtunda kuwa kuna shughuli za ustawi Jumamosi, la kwanza kumjia ni afisa ustawi wa jamii, na kwa afisa huyo watu huenda baba anapokataa kutoa matunzo ya mtoto. Atauliza nani kashtakiwa. Neno siha lipo, lakini linanukia kitabu. Uzima uko karibu zaidi na vinywa vya watu, na kwenye salamu tunaulizana huo huo. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kwa vikundi nchi nzima bila kuhitaji neno jipya hata moja. Na mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan alipokuwa Makamu wa Rais, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitangazwa kuwa siku ya mazoezi, siyo siku ya ustawi. Kwenye fomu ya mfadhili andika ustawi, kwa sababu ndilo neno rasmi na tafsiri yake itaeleweka. Kwenye bango la kijiji andika mazoezi na afya, na wazee wakitaka kuleta bao lao pembeni ya uwanja, lihesabiwe.

Limebaki neno moja ambalo halimo kwenye tangazo bali kwenye mkataba. Serikalini, mtu aliyepewa masurufu ya safari huambiwa ayarejeshe, maana yake alete stakabadhi zinazoonyesha alivyotumia. Mashirika yameazima lugha hiyo, na mikataba ya ruzuku imejaa marejesho. Lakini mtunza hazina wa timu ya kijiji ni yuleyule mtunza hazina wa kikoba, na kwenye kikoba marejesho ni jambo moja tu: kulipa deni. Akisoma kwamba kikundi kitafanya marejesho ifikapo Desemba, ataona kumbe ulikuwa mkopo tangu mwanzo, na ama ataikataa fedha, ama ataibana isitumike ili ipatikane ya kurudisha. Iandikwe kutoa hesabu. Na kwa kuwa mwenye mtumbwi hana mashine ya kutoa risiti, mkataba useme mapema kwamba karatasi yenye jina lake, tarehe, safari, kiasi na dole gumba itakubaliwa.