Kutoka Vugiri hadi Washington: Ruzuku, Filamu na Swali la Mtazamaji

Kila fomu ya kuomba ruzuku ya filamu za makala ina swali ambalo hujibiwa usiku wa manane, siku ya mwisho kabla dirisha la maombi halijafungwa: watazamaji wako ni nani? Nimesoma maandiko mengi ya marafiki zangu watengeneza filamu, na jibu karibu siku zote ni lile lile. Vijana, wanawake, watunga sera na umma kwa ujumla. Umma kwa ujumla! Kwenye bajeti watu hubishana hadi bei ya betri za kamera, lakini mtazamaji anapita kwa sentensi moja, kama abiria wa daladala asiyeulizwa anashuka wapi.

Sasa basi, swali hilo lina historia ndefu kwetu kuliko wengi tunavyodhani. Nitasimulia habari za ruzuku mbili tu. Ya kwanza ilitoka New York kuja milima ya Usambara. Ya pili ilitoka Washington na kumkuta Mswahili wa Mombasa. Kati yake kuna miaka hamsini hivi.

Tuanze na Vugiri, karibu na Korogwe. Mwaka 1935, taasisi ya Carnegie Corporation ya New York ilitoa ruzuku ya dola 55,000 kwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema ya kuwaelimisha Wabantu. Jina lenyewe tayari ni andiko la mradi: linakwambia nani ataelimishwa, na kwamba ni jaribio. Waombaji walikuwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kupitia idara yake ya utafiti wa jamii na viwanda iliyoongozwa na J. Merle Davis. Davis alikuwa ametoka kuchunguza jinsi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ilivyokuwa ikibadilisha maisha ya vijijini, akaona sinema inaweza kumsaidia Mwafrika mtu mzima, asiyesoma, kuuelewa ulimwengu uliokuwa ukimjia kwa kasi.

Uendeshaji ulishikwa na watu wawili. G. C. Latham alikuwa amesimamia elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Meja L. A. Notcutt alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na huyu ndiye anayenivutia zaidi. Tangu miaka ya 1920 alikuwa akiwaza kama sinema ya shambani ingeweza kuwafanya vibarua waridhike na kutulia kazini. Ukitaka kujua filamu ya maendeleo ilizaliwa wapi katika nchi yetu, basi sehemu ya kitovu chake imezikwa kwenye shamba la mkonge.

Kazi waliyofanya si ya kubezwa. Kwa muda wa miaka miwili hivi walitengeneza filamu 35 kwa mkanda wa milimita 16, ambao ulikuwa wa bei nafuu. Sauti hawakuiweka kwenye mkanda. Waliirekodi kwenye sahani za santuri, hivyo picha ile ile iliweza kuzungumza Kiswahili hapa, Kiganda kule na Kinyanja mbele zaidi, kwa kubadilisha sahani tu. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida wa huku huku. Hadithi ziliandikwa kwa mfano mmoja: mjinga na mwerevu. Katika filamu kuhusu benki ya posta, kibarua mmoja anapokea mshahara na kuufukia chini ya sakafu ya nyumba yake, mwenzake anaupeleka posta. Mwizi anakuja. Unajua mwenyewe alimwibia nani.

Halafu kulikuwa na lori. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu lori ndilo somo. Mnamo Septemba 1935 lori lenye projekta, jenereta na skrini liliondoka Vugiri, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kwa miezi kadhaa. Waliotazama walikadiriwa kufika 80,000. Hebu fikiria barabara za wakati ule, mvua za vuli, madaraja ya magogo. Pamoja na dharau yote iliyojaa katika jina la mradi, wale jamaa walielewa jambo moja ambalo maandiko mengi ya leo hayalielewi: filamu haijafika kwa umma mpaka kuna mtu wa kuendesha gari, mtu wa kumwaga mafuta kwenye jenereta na mtu wa kujibu maswali taa zikizimwa. Lori halikuwa kiambatisho cha mradi. Lilikuwa nusu ya mradi wenyewe.

Lakini watazamaji wale 80,000 walisema nini? Tunayo maoni yao, ila yanatufikia zaidi kupitia kalamu za Notcutt na Latham wenyewe, katika kitabu walichokitoa mwaka 1937. Ni kama kuuliza ladha ya chakula halafu ajibu mpishi. Hakuna mahali mtazamaji alipewa nafasi ya kusema: filamu ya posta tumeiona, sasa tengenezeni moja inayoeleza kwa nini mshahara wenyewe ni mdogo hivi.

Na ilhali huko nyuma walikuwapo watu waliojua kusema na umma wao bila kusubiri Carnegie. Mombasa, mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa anatoa gazeti la Al-Islah, akijadili kwa Kiswahili masuala yale yale ya mabadiliko, elimu na nafasi ya watu wa pwani mbele ya ukoloni. Hilo halikuitwa jaribio. Shikilia jina la huyu sheikh, tutarudi kwenye nyumba yake.

Ruzuku ilipokwisha mwaka 1937, mradi ukafa. Serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda zilipoombwa ziubebe, hazikukubali. Lori likasimama. Filamu zenyewe zimepotea karibu zote. Chache mno zimebaki kwenye hifadhi Uingereza, na mojawapo inahusu wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Mtu wa Kingolwira akitaka kumtazama babu yake akilima, ajue kwamba babu yuko London. Kazi ya sinema ya kuelimisha iliendelea baadaye chini ya Colonial Film Unit, iliyoanzishwa 1939, ila hapo mlipaji alikuwa serikali yenyewe na vita vilikuwa mlangoni. Hiyo ni habari nyingine.

Sheikh Al-Amin, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa na mtoto aliyezaliwa Februari 1933. Lori la Vugiri linaanza safari, yeye ana miaka miwili na miezi. Jina lake Ali.

Ali Mazrui hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Makerere alikuwa profesa mwenye mdomo, akaondoka wakati wa Idi Amin, akahamia Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1979 BBC ilimpa mihadhara ya Reith. Kutokana na mafanikio hayo likazaliwa wazo la mfululizo wa televisheni wa sehemu tisa, The Africans: A Triple Heritage, ukitengenezwa kwa ubia wa BBC na kituo cha WETA cha Washington. Hoja yake kuu unaijua: Afrika ya leo imefumwa kwa nyuzi tatu, urithi wa jadi, Uislamu na Magharibi. Kwa mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa hiyo haikuwa nadharia. Ilikuwa ni kufungua dirisha la nyumbani na kutazama nje.

Fedha zilitoka sehemu mbalimbali. Mojawapo ilikuwa National Endowment for the Humanities, NEH, mfuko wa serikali ya Marekani ulioanzishwa 1965 kusaidia historia, falsafa, fasihi na masomo ya aina hiyo. Kwa miaka mingi NEH ilikuwa kati ya milango mikubwa ambayo mtengeneza filamu wa Marekani alibisha hodi akitaka kupeleka makala ya kihistoria kwa umma. Kwa mfululizo wa Mazrui ilitoa dola 600,000 hivi.

Kabla mfululizo haujarushwa, uongozi ulibadilika. Mwaka 1986 Lynne Cheney aliteuliwa na Rais Reagan kuuongoza mfuko huo. Ruzuku aliikuta imeshatolewa. Akatazama filamu, akakasirika. Kwa maoni yake ile haikuwa kazi ya kitaaluma yenye mizani, ilikuwa ni shutuma dhidi ya nchi za Magharibi. Akataka jina la NEH liondolewe kwenye orodha ya wafadhili inayopita mwisho wa kila sehemu, na ofisi yake ikakataa kuchangia fedha za kuitangaza.

Waswahili husema mpewa hapokonyeki. Fedha zilikuwa zimeshatumika, hazirudi. Kilichoweza kupokonywa ni jina, na jina likapokonywa.

Nimeufikiria sana mkasa huu, na simuoni Cheney kama kituko. Alikuwa na hoja inayostahili kujibiwa: fedha ni za mlipa kodi wa Marekani, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza amenunua nini. Jibu langu ni kwamba mnunuzi alijua anachonunua. Kumchukua msomi mmoja mwenye maoni yake na kumpa kamera azunguke nayo lilikuwa jambo la kawaida kabisa BBC. Kenneth Clark alifanya hivyo mwaka 1969 kuhusu ustaarabu wa Ulaya, na kichwa cha mfululizo wake kilitamka wazi kwamba ni mtazamo binafsi. Jacob Bronowski akafanya hivyo 1973 kuhusu sayansi. Mtazamo binafsi haukuwa dhambi. Ulianza kuonekana dhambi pale mtazamo ulipokuwa wa mtu wa Mombasa, na anayetazamwa akawa Magharibi.

Ndiyo maana naziweka hizi ruzuku mbili pamoja. Ya Vugiri iliombwa ili Mwafrika aketi chini afundishwe. Hakuna aliyeuliza kama filamu ya posta ina mizani, kama imetoa nafasi kwa hoja ya yule anayefukia fedha zake (ambaye huenda alikuwa na sababu nzuri tu za kutoiamini posta ya mkoloni). Ya Washington ilitolewa, na aliyesimama mbele ya kamera safari hii alikuwa mtoto wa wale waliokuwa wakifundishwa. Mwanafunzi kashika chaki, na ghafla mizani ikatafutwa.

Kuna dokezo dogo ambalo Mazrui mwenyewe alilieleza baadaye. Katika toleo la Uingereza kulikuwa na usemi wake uliomweka Karl Marx katika safu ya manabii wakuu wa Kiyahudi. Toleo la Marekani liliuondoa, kwa hofu ya kuwaudhi watazamaji. Kwa hiyo hata waliomtetea walishika mkasi mahali fulani. Hata hivyo mfululizo ulirushwa kupitia PBS kuanzia Oktoba 1986, kitabu kikatoka mwaka huo huo, na kelele za Washington nadhani zilimpa matangazo kuliko zile fedha alizonyimwa.

Kurushwa nako si mwisho. Mwaka 1987 Marekani hiyo hiyo ilipata Eyes on the Prize, mfululizo wa Henry Hampton kuhusu harakati za haki za Wamarekani weusi. Hampton alihangaika miaka mingi kuukusanyia fedha. Lakini fedha chache hununua haki za muda mfupi: picha za kumbukumbu na nyimbo zilizomo zililipiwa kwa miaka michache tu. Leseni zilipoisha katika miaka ya 1990, kazi ile ikawa haiwezi kurushwa wala kuuzwa upya. Hampton alifariki 1998 hali ikiwa hivyo. Ilibidi zitafutwe ruzuku nyingine, safari hii za kununua upya ruhusa, ndipo ikarudi hewani 2006. Andiko la kutengeneza lilipita, la kudumu halikuwahi kuandikwa.

Huku kwetu hali imebadilika kwa kiasi. Nairobi kuna DOCUBOX, mfuko wa filamu za makala wa Afrika Mashariki ulioasisiwa na Judy Kibinge, na angalau sasa mwombaji wa huku anaweza kusomwa na mtu anayejua Kilifi iko wapi. Nataja Kilifi makusudi. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, iliyotoka 2019, inafuata familia ya huko ambamo bibi mzee anatuhumiwa uchawi na watu wa damu yake. Kenya iliichagua kuiwakilisha kwenye Oscar. Ni heshima, sikatai. Ila filamu kama ile ina mtazamaji mmoja ambaye hakuna tamasha litakalomleta ukumbini: kijana wa kijiji cha jirani anayemtazama bibi yake kwa jicho baya na kulitamani shamba lake. Kumfikia huyo kunataka skrini, jenereta, msemaji wa Kigiriama na mzee wa mtaa aliyeombwa ruhusa mapema. Katika fomu nyingi nilizoziona, hayo yote yanaishia kwenye mstari mmoja ulioandikwa “usambazaji”, chini kabisa ya bajeti, na ndio wa kwanza kukatwa mfadhili akisema punguzeni. Tiketi ya ndege ya tamasha inabaki.

Rafiki mmoja anayeandaa makala kuhusu wakulima alinitumia andiko lake wiki iliyopita nilipitie. Pale kwenye watazamaji hakuandika umma kwa ujumla. Aliandika majina ya vijiji vinne, siku za gulio za kila kijiji, na gharama ya kukodi pikapu kwa siku tisa. Mfadhili amemrudishia akimuuliza kama anaweza kufupisha sehemu hiyo.