Majani ya mlonge: namna antioksidanti zinavyotafutwa na kutambuliwa

Unga wa majani ya mlonge huuzwa katika miji ya Afrika Mashariki na hata Ulaya, ukisifiwa kwa wingi wa antioksidanti. Hizi ni kemikali zinazozituliza radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, ambazo huweza kuziharibu seli za mwili. Je, wataalamu hujuaje kilichomo ndani ya jani?

Kuloweka na kuchuja

Majani hukaushwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa katika ethanoli iliyochanganywa na maji. Baada ya kuchujwa, ethanoli huvukizwa kwa joto la chini ili kemikali zisiharibike. Hubaki rojo zito lenye klorofili, sukari, mafuta na kemikali nyingine nyingi.

Kutenganisha

Rojo hilo hupitishwa katika neli ya kioo iliyojazwa unga wa silika, na kila kemikali hushuka kwa kasi yake. Mbinu hiyo, kromatografia, iliasisiwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuwa akitenganisha rangi za majani.

Kila sehemu inayotoka hupimwa kwa DPPH, kemikali ya rangi ya zambarau. Rangi ikififia na kuwa manjano, antioksidanti imo. Sehemu hiyo hutenganishwa tena na tena hadi ibaki kemikali moja tu.

Kutambua

Kwanza hupimwa uzito wa molekuli. Kwesetini ina uzito wa 302, lakini asidi ya elaji nayo ina 302. Kwa hiyo uzito pekee hautoshi. Mashine yenye sumaku kali ndiyo huonyesha jinsi atomi zilivyoungana. Kwa njia kama hizo, katika mlonge zimetambuliwa kwesetini na kaemferoli, aghalabu zikiwa zimeshikamana na sukari, pamoja na asidi ya klorojeni.

Tahadhari

Kubadilika kwa rangi ndani ya chupa si ushahidi wa tiba. Mtu akila majani hayo, ni sehemu ndogo tu ya kwesetini inayofyonzwa, nayo hubadilishwa na utumbo na ini. Mlonge ni mboga yenye lishe bora. Anayeacha dawa za kisukari au za kupunguza makali ya UKIMWI kwa kuutegemea anahatarisha maisha yake.