Wagombea Wawili wa Nairobi, 1957

Mnamo Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vyao vilikuwa vinane tu. Katika kiti cha Nairobi, waliovuta macho ya watu walikuwa Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na wakili C. M. G. Argwings-Kodhek. Mboya alishinda, ingawa si kwa kura nyingi. Husemwa basi kwamba wafanyakazi walipima matendo ya wawili hao wakamchagua mtetezi wao. Kauli hiyo yafaa ichunguzwe.

Matendo ya Mboya yalijulikana. Mwaka 1953 alikuwa mkaguzi wa afya katika manispaa ya Nairobi, akawaunganisha wafanyakazi wenzake katika chama, na kabla ya mwaka kwisha akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, alikwenda kwao akawasihi warejee kazini, ili madai yao yasikilizwe na baraza la usuluhishi. Mshahara ukapanda kwa karibu theluthi moja. Lakini suala lililogusa kila nyumba lilikuwa jingine. Mkoloni alikadiria ujira wa Mwafrika kana kwamba kila mfanyakazi ni kapera. Mke na watoto walidhaniwa watakula kutoka shambani huko kijijini. Hata tume ya serikali yenyewe, ile ya Carpenter, ilikiri mwaka 1954 kwamba kipimo hicho hakifai, na kwamba mshahara uwe wa kutosha familia.

Je, Argwings-Kodhek hakuwa na lolote kwa wafanyakazi? Hapo ndipo hukumu nyingi hupotoka. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Mnamo Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi, na maelfu kwa maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa vizuizini, miongoni mwao viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Watu hao walikuwa makarani, wapishi, wachukuzi. Waliposhtakiwa kuwa Mau Mau, wengi walikabiliwa na kitanzi, na Argwings-Kodhek alikuwa miongoni mwa mawakili wachache waliothubutu kuwatetea. Kwa mke aliyebaki na watoto, nyongeza ya mshahara ilikuwa na maana gani ikiwa mwenye kuupokea atanyongwa?

Sasa tutazame nani aliyepiga kura. Sheria ilitaka elimu, kipato au mali, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura tatu. Mgikuyu, Mwembu au Mmeru alipaswa kwanza kupata cheti cha utiifu kwa serikali. Hivyo waliomwia deni wakili walifungiwa mlango, na hata kibarua wa ujira mdogo aliyetetewa na Mboya hakuwa na sauti kubwa. Uchaguzi huo haukuwa mizani ya wafanyakazi wa Nairobi.

Mboya hakuacha njia yake ya Mombasa. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba mwaka huohuo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa uhusiano kazini, uliotaka migogoro ipitie kwanza katika mazungumzo na usuluhishi kabla ya mgomo.