Profesa ametajwa mara ngapi? Namna ya kusoma rekodi ya mtafiti (mfano: Drew Weissman)



Siku hizi ubishi ukinoga utasikia mtu anamaliza: "Aliyesema ni profesa wa kinga ya mwili, ana machapisho 300!" Basi, wote kimya. Iko siku utatumiwa ujumbe wa namna hiyo kuhusu chanjo au dawa, na uamuzi utakuwa wako, pengine kwa ajili ya mtoto au bibi yako. Ndiyo maana naweka somo hili hapa, mlihifadhi.

KUTAJWA NI NINI?

Mtafiti akimaliza kazi yake maabara anaandika makala, anaipeleka kwenye jarida la kisayansi, wataalamu wenzake wanaikagua, ndipo inachapishwa. Mwingine akiitumia makala hiyo, anaitaja kwenye orodha ya mwisho wa kazi yake. Hapo imetajwa mara moja. Aliyefanya hesabu hii iwe huduma kubwa ni Mmarekani Eugene Garfield, kule Philadelphia, aliyetoa faharasa yake ya sayansi mwaka 1964.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha h. Tuseme una makala tano, zimetajwa mara 50, 18, 9, 4 na 2. Zilizofikisha angalau mara 4 ni nne, kwa hiyo h yako ni 4. Sasa angalia: ile ya kwanza ikipanda kutoka 50 hadi 5,000, h yako inabaki 4 vilevile! Kipimo kinapenda mtu mwenye kazi nyingi za wastani. Aliye na moja iliyobadilisha dunia hakimwoni.

MFANO WENYEWE

Drew Weissman ni mtaalamu wa kinga ya mwili, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, humohumo Philadelphia. Alifika hapo 1997. Akakutana na Katalin Karikó, mwanabiokemia kutoka Hungaria, kwenye mashine ya kutoa kopi. Mama huyu alikuwa amekomaa na mRNA, yaani ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani. Fedha za utafiti alikuwa hapati, na 1995 chuo kilimshusha cheo.

Tatizo lao lilikuwa hili: mRNA ya maabara ikiingia mwilini, kinga inaiona adui na kuleta uvimbe mkali. Wakagundua kwamba ukibadilisha herufi moja ya ujumbe, yaani uridini, ukaweka ndugu yake sudouridini, kinga inatulia. Makala ilitoka Agosti 2005 katika jarida la Immunity, waandishi wanne. Karikó amesimulia kwamba Nature walikuwa wameikataa.

Weissman naye amesema walitegemea simu zianze kuita. Kimya. Miaka ilipita watu wachache tu wakiielewa. Mwaka 2013 Karikó akaenda BioNTech, Ujerumani.

Halafu ikaja korona. Desemba 2020 chanjo za Pfizer na BioNTech, na ile ya Moderna, ziliruhusiwa zikiwa zimejengwa juu ya ugunduzi uleule. Makala ya 2005 ikaanza kutajwa kila kona, na Oktoba 2023 wawili hao wakatangaziwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Ni makala ileile, haikuongezwa hata nukta. Mtu aliyeipima kwa hesabu mwaka 2008 asingejua itafika wapi.

KUTAJWA SIYO KUSIFIWA

Upande wa pili upo. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha kwenye The Lancet makala iliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010. Lakini imetajwa sana, na wengi waliitaja wakiipinga! Ukiangalia namba peke yake utamwona jamaa ni gwiji.

UFANYE NINI UKIWA KAFE?

1. Fungua PubMed, ni bure. Andika jina la mtafiti. Angalia chuo chake pia, maana majina hufanana na kazi za watu watatu huchanganywa.

2. Tafuta kama makala anayojivunia imefutwa. PubMed huweka tangazo juu yake.

3. Fungua Google Scholar, bonyeza idadi ya waliomtaja, usome wawili watatu. Wanakubaliana naye? Wamerudia jaribio likatoa jibu lilelile? Au anajitaja mwenyewe?

4. Linganisha na watu wa fani yake tu. Kinga ya mwili ina watafiti kibao, hesabu zake zinapanda haraka kuliko za fani ndogo.

5. Muhimu kuliko yote: hayo machapisho 300 yanahusu jambo analolisema leo? Bingwa wa mzio akizungumzia malaria, hapo ni mgeni kama wewe.

Mimi naona hesabu inakuonyesha mlango wa kubisha hodi. Kilichomo ndani lazima usome. Pennsylvania walikuwa naye Karikó ndani ya nyumba, wakamshusha cheo. Sisi wa kafe tusione aibu kuuliza mara mbili.

Wanafunzi wa vyuo, mnapimwaje huko kwenu? Maoni hapo chini, matusi hapana.