Kasi ya Karatasini na Kasi ya Kazini

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi katika uzee wangu huongeza kwamba kupima si uchoyo. Mkulima wa kwetu akitaka kupeleka korosho zake ghalani hupima kwanza nyumbani, ili ajue kilo alizonazo kabla hajaambiwa na mwingine. Lakini mkulima huyo huyo akienda mjini kununua chombo cha kisasa, aghalabu husoma tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi, akalipa, akaondoka zake. Katika insha hii nataka kueleza historia ya chombo kimoja kidogo, yaani diski ya kompyuta isiyozunguka, ambayo mafundi huiita SSD, na namna mtu wa kawaida anavyoweza kuipima kabla ya kuiamini. Nitaanzia mbali kidogo, kwa kuwa sisi watu wa Ruponda tunaishi katika wilaya ambayo ilikwisha kupewa somo la kupima, tena kwa gharama kubwa.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuja kuona kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Tanganyika. Baada ya ziara ya wiki chache ulitolewa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo makubwa matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mengi ya mwanzo yalikuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, yaliyonunuliwa Ufilipino. Karatasini yalikuwa na nguvu za kutosha. Kule Kongwa mizizi ya vichaka, na udongo ambao ukikauka huwa mgumu kama saruji, viliyashinda mengi katika muda mfupi. Huku kwetu ilijengwa reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea ili ibebe karanga zilizotarajiwa. Mpango uliachwa mwaka 1951 ukiwa umekula takriban pauni milioni 36, na reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliopanga hawakuwa wajinga. Walijua nguvu ya trekta, wala hawakulijaribu vya kutosha katika udongo ambamo lingefanya kazi.

Kisa cha pili ni cha kompyuta zenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa ya aina ya ICT 1500, kutoka Uingereza. Kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine haikwenda kama ilivyotarajiwa. Wataalamu wa kuiendesha walikuwa wachache, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka huo huo Azimio la Musoma lilitaka watoto wote wenye umri wa kwenda shule waandikishwe, nasi tuliokuwa walimu vijana tukawahesabu kwa rejista na kalamu ya wino. Masharti yale yalilegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980, na mwaka 2003 taifa likapata Sera ya TEHAMA.

Sisemi kwamba amri ya 1974 haikuwa na sababu. Lakini ukiviweka visa hivi viwili pamoja utaona jambo moja. Katika kisa cha kwanza mashine zilikubaliwa kwa jumla, na katika cha pili zilikataliwa kwa jumla. Anayekubali kila kitu na anayekataa kila kitu wamefanana kwa kuwa wote wawili wameepa kazi ya kupima kitu kimoja kimoja.

Sasa tuje kwenye diski. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine ya kwanza ya diski ya kuzunguka. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimita 61 hivi, ikawa na uzito wa zaidi ya tani moja, na ikahifadhi herufi milioni 5 tu. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya megabaiti 5 iliyoweza kuingia katika kompyuta ya mezani. Tangu hapo diski zilizidi kuwa ndogo na kubeba mengi, lakini kanuni ilibaki ile ile: sahani inazunguka, na mkono mwembamba unakwenda huku na huku kutafuta mahali pa kusoma, mfano wa sindano ya gramafoni.

Ubovu wa kanuni hiyo umo katika kusubiri. Diski ya kawaida ya kompyuta ya mapajani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili kusoma kipande kimoja cha habari, mkono lazima usogee, kisha usubiri sahani ilete mahali panapotakiwa. Kwa wastani mambo hayo mawili hula sehemu 17 au 18 za elfu za sekunde. Msomaji akigawanya ataona kwamba diski hiyo haiwezi kutafuta zaidi ya vipande 60 hivi kwa sekunde, vikiwa vimetawanyika. Na kompyuta inapowaka huhitaji maelfu ya vipande vilivyotawanyika. Hiyo ndiyo sababu mwalimu huwasha kompyuta, akaenda kupiga kengele, akarudi na kuikuta bado inahangaika.

Dawa yake ilianzia Japani. Mwaka 1987 kampuni ya Toshiba, ambako Fujio Masuoka alikuwa mhandisi, ilitangaza aina ya chipu inayohifadhi habari kwa chaji ya umeme iliyofungiwa ndani yake, hata umeme ukizimwa. Mwaka 1991 kampuni ambayo leo inajulikana kama SanDisk iliuza diski ya chipu ya megabaiti 20 kwa bei ya dola 1,000 hivi. Bei hiyo haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwaka 2008 Intel ilitoa diski ya gigabaiti 80 kwa ajili ya kompyuta za kawaida, na miaka iliyofuata bei zikashuka hadi chombo hiki kikafika katika maduka ya miji yetu.

Hapa ndipo tarakimu za boksi zinapohitaji msomaji makini. Boksi la SSD ya kawaida husema megabaiti 550 kwa sekunde. Tarakimu hiyo ni ya kusoma faili moja refu kwa mfululizo. Diski ya kuzunguka nayo hufika megabaiti 100 au zaidi katika kazi hiyo, kwa hiyo mtu angedhani tofauti ni mara 5 tu. Boksi husema tena kwamba diski inajibu maombi 90,000 ya vipande vidogo kwa sekunde. Hiyo hupatikana maombi 32 yakipangwa foleni kwa wakati mmoja, jambo ambalo mtu anayeandika barua au kutunga mtihani hafanyi. Yeye hutuma ombi moja au mawili kwa wakati, na hapo SSD hujibu maelfu kadhaa hadi 10,000 hivi. Ukilinganisha na vile vipande 60, faida iko palepale, tena ni kubwa kuliko ile inayotangazwa kwa herufi nene. Tarakimu ya kumsaidia mnunuzi ndiyo iliyofichwa, na isiyomhusu ndiyo iliyopambwa.

Kompyuta nyingi za nyumbani na za shule katika vijiji vyetu ni za mitumba. Nyingi kati ya zile za zamani zina mlango wa diski usiopitisha zaidi ya megabaiti 280 hivi kwa sekunde. Mtu anaweza kusema basi SSD ya 550 ni hasara. Mjukuu wangu, ambaye naye ni mwalimu, alikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Tulipima kwa saa ya mkononi, kabla na baada ya kubadilisha diski. Awali ilichukua zaidi ya dakika 2 mpaka ikubali kuandika neno la kwanza. Baadaye haikufika nusu dakika. Megabaiti 550 hatukuziona kamwe, wala hatukuzihitaji. Fedha zilizotumika zilikuwa chache sana kuliko bei ya kompyuta mpya, na darasa likaendelea.

Kwa hiyo nashauri mambo manne ya kupima. Kwanza, pima muda wa kazi yako mwenyewe: kuwasha, kufungua waraka, kufungua orodha ya watahiniwa. Programu za bure kama CrystalDiskMark zinafaa, lakini tazama mstari wa vipande vidogo vya ombi moja moja, usivutwe na ule wa juu. Pili, jaza diski mpya kwa mafaili makubwa, kisha uyasome tena. Sokoni zipo za bandia zinazodai nafasi zisizokuwa nayo. Hata zile halali za bei nafuu huandika kwa kasi mwanzoni, kisha hafifu, wakati mwingine chini ya megabaiti 100 kwa sekunde, sehemu yao ya haraka inapojaa. Tatu, pima uhai wake. Diski moja ya gigabaiti 240 inayouzwa sana imeandikiwa dhamana ya kuandikwa terabaiti 80. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku itakuchukua siku 4,000, karibu miaka 11. Hofu ya kwamba chipu huchakaa upesi haina msingi kwa mtu wa nyumbani.

Jambo la nne ndilo zito. Diski ya kuzunguka ikitaka kufa mara nyingi hulia na kugongagonga, ikampa mwenyewe nafasi ya kuokoa mali yake. SSD hufa kimya, pengine umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika. Tena haikuumbwa kwa kulazwa kabatini. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji kinataka SSD ya nyumbani iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa dhamana yake ishike habari mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30 za joto, na joto likizidi muda hupungua. Kabati la ofisi ya shule chini ya bati katika mkoa wetu wa Lindi ni mahali pa joto. Anayehifadhi humo matokeo ya watoto katika nakala moja tu anacheza na maisha yao, maana mtoto aliyepoteza kumbukumbu zake za shule atahangaika ofisi kwa ofisi akiwa mtu mzima. Rejista za karatasi tulizoandika katika miaka ya 1970 bado zinasomeka pale ambapo mchwa hawakufika. Hazina kasi yoyote, lakini katika kipimo hiki cha nne zimeishinda mashine. Mwenye busara ataweka SSD kwa ajili ya kazi ya kila siku, nakala ya pili katika diski ya kuzunguka, na yale ya lazima kabisa atayachapa kwenye karatasi.

Wilaya iliyojengewa reli kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana kama ilivyotarajiwa haina budi kulea vijana wasioona haya kumwambia muuzaji, "Washa hapa nione, tena kwa kazi yangu." Chombo kizuri hakitaogopa swali hilo.